Daftari la Mapokezi: Kisa cha Bekari ya Greyston na Wajibu wa Biashara Ndogo kwa Jamii

Mtu anayetafuta kazi katika bekari ya Greyston, mjini Yonkers katika jimbo la New York, haulizwi amesoma wapi, amewahi kufanya kazi kwa nani, wala kama amewahi kufungwa jela. Anaandika jina lake na namna ya kumpata katika orodha ya mapokezi, kisha anarudi nyumbani kusubiri. Nafasi inapopatikana, huitwa yule ambaye jina lake ndilo linalofuata. Hakuna usaili, hakuna barua ya wadhamini, hakuna kupimwa dawa za kulevya, wala hakuna anayetumwa kuchunguza rekodi zake polisi. Akiitika na akawa na haki ya kisheria ya kufanya kazi nchini Marekani, anaanza kazi.

Utaratibu huo, ambao wenyewe wanauita ajira ya wazi, wanauhesabu tangu bekari ilipofunguliwa mwaka 1982, na ndio unaokifanya kisa hiki kifae kuchambuliwa na kila mwenye biashara ndogo anayejiuliza wajibu wake kwa jamii unaanzia wapi. Katika nchi zetu mazungumzo ya wajibu huo yametekwa na wakubwa: benki inayokabidhi madawati, kampuni ya simu inayochimba kisima, mgodi unaojenga zahanati. Hata sheria inawatazama wao. Sheria ya Madini ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mmiliki wa haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na akubaliane na mamlaka za serikali za mitaa juu yake. Mwenye kiwanda cha mikate chenye wafanyakazi wanane haguswi na sharti kama hilo, na akiziona hundi za mfano zinazoshikwa na watu watano mbele ya kamera, hatuwezi kumlaumu akiamua kwamba mambo hayo hayamhusu, kwa sababu faida yake ya mwaka mzima huenda isitoshe madawati ya darasa moja.

Kisa cha Greyston kinaonyesha njia nyingine. Biashara ndogo haina fedha za ziada, lakini maamuzi inayo, tena mengi: nani aajiriwe, nani akopeshwe, malighafi inunuliwe kwa nani, taka ziishie wapi, mfanyakazi akifiwa atendewe nini. Wajibu uliopachikwa ndani ya mojawapo ya maamuzi hayo hutekelezwa kila siku biashara inapofunguliwa, hata katika mwaka wa hasara. Ule unaosubiri faida ndipo utekelezwe huwa wa kwanza kukatwa mauzo yanaposhuka. Greyston ilichagua uamuzi mmoja tu, wa kuajiri, ikaubadilisha kwa kina, na karibu kila jambo jingine linaloelezwa hapa limetokana na huo.

Yonkers na watu wake

Mwanzilishi wa bekari, Bernard Glassman, alizaliwa Brooklyn mwaka 1939. Alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga katika kampuni ya McDonnell Douglas huko California, akapata shahada ya uzamivu ya hisabati, na wakati huohuo akawa mwanafunzi wa Taizan Maezumi, mwalimu wa Kijapani wa dini ya Kibudha ya madhehebu ya Zen aliyeishi Los Angeles. Aliporudi New York na kukusanya wanafunzi wake mwenyewe, jumuiya hiyo ilihitaji chanzo cha mapato. Walikopa fedha wakafungua bekari. Ni vyema kulisema hili wazi, kwa sababu visa vya namna hii huwa vinasimuliwa kana kwamba mwanzilishi alianza na huruma kisha akatafuta biashara. Hapa watu walihitaji kwanza kujilisha, na swali la majirani likaja pamoja na hitaji hilo.

Majirani hao walikuwa katika hali ngumu. Yonkers uko kando ya mto Hudson, umepakana na Bronx, na uko ndani ya kaunti ya Westchester, ambayo ni miongoni mwa maeneo ya matajiri nchini Marekani. Upande wake wa kusini magharibi ulikuwa umeachwa. Kiwanda kikubwa cha mazulia cha Alexander Smith kilifungwa mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya lifti ya Otis, iliyozaliwa mjini humo katika karne ya 19, nayo ikafunga kiwanda chake. Mwaka 1985 jaji wa shirikisho Leonard Sand aliamua kwamba mji ulikuwa umezilundika nyumba za umma katika kona hiyo moja kwa makusudi, ili kuwatenga watu kwa misingi ya rangi, na viongozi walipokaidi amri yake mwaka 1988, faini za mahakama zilikaribia kuufilisi mji mzima. Katika miaka hiyohiyo kaunti ilikuwa ikizihifadhi familia zisizo na makazi katika hoteli za barabarani kwa gharama kubwa ya umma.

Katika mazingira hayo, mtu aliyekosa kazi hakukosa kwa kutojua kufanya kazi peke yake. Alikosa pia kwa sababu fomu ya maombi ilimuuliza anwani ambayo hakuwa nayo, ajira iliyotangulia ambayo ilikuwa imekufa pamoja na kiwanda, na kosa la jinai ambalo adhabu yake alikwisha kuitumikia. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya watatu ana rekodi ya aina fulani polisi au mahakamani, hata kama ni ya kukamatwa tu bila kutiwa hatiani. Kichujio kinachowaondoa watu wengi kiasi hicho kinamwondoa pia mfanyakazi mzuri, na mwajiri hatapata kamwe kujua nani alimpita.

Donge la keki

Mwanzoni bekari ilitengeneza keki na vitafunwa vya hali ya juu kwa ajili ya mikahawa ya Manhattan. Hiyo ni kazi ya fundi: kupamba, kupima kwa jicho, kuharibu kidogo na kutupa kingi. Ni vigumu kumpa kazi hiyo mtu aliyeingia kutoka mtaani juzi, na kwa hakika mgongano kati ya ustadi uliohitajika na watu waliokusudiwa kuajiriwa ungeweza kuuua mpango wote mapema.

Kilichobadilisha mambo ni mteja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Glassman alikutana na Ben Cohen, mmoja wa waanzilishi wa Ben & Jerry's, kampuni ya aiskrimu iliyoanza mwaka 1978 katika kituo cha zamani cha mafuta huko Burlington, Vermont. Wakakubaliana kwamba Greyston itaoka vipande vyembamba vya brauni, yaani keki nzito ya chokoleti, ili aiskrimu iwekwe katikati kama sandwichi. Oda ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa bekari. Keki zilipakiwa kwenye maboksi ya ratili 50 zikiwa bado za moto, zikashikana, na zilipofika Vermont kila boksi lilikuwa donge moja. Hakuna sandwichi iliyoweza kutengenezwa kwa donge lile. Watu wa Ben & Jerry's walilivunjavunja wakachanganya mapande yake ndani ya aiskrimu ya chokoleti, na ladha iliyopatikana, Chocolate Fudge Brownie, imekuwa miongoni mwa zinazouzwa zaidi katika historia ya kampuni hiyo.

Kisa hiki husimuliwa kwa kucheka, lakini ndani yake mna jambo zito la kibiashara ambalo wasimulizi hulipita haraka. Brauni inayokwenda kuvunjwavunjwa haihitaji kupambwa. Ni bidhaa moja, kwa wingi, kwa vipimo vilevile kila zamu, na mtu asiyewahi kushika mwiko anaweza kufundishwa hatua yake moja katika mstari wa uzalishaji kwa siku chache. Bekari ilipopata bidhaa inayolingana na watu iliotaka kuwaajiri, ajira ya wazi ikaacha kuwa mzigo unaobebwa na imani peke yake. Miaka ya baadaye uzalishaji ulifikia zaidi ya ratili 30,000 kwa siku, ambazo ni zaidi ya tani 13, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bekari ikahamia katika jengo jipya lililobuniwa na Maya Lin, msanifu wa ukumbusho wa askari wa Vita vya Vietnam ulioko Washington.

Kinachofuata baada ya jina kuitwa

Wanaousikia utaratibu huu kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni ulegevu. Ukweli ni kwamba mlango uko wazi, lakini ndani sheria ni kali. Anayeitwa huanza kama mwanagenzi kwa muda wa takribani miezi kumi, analipwa, na anapimwa kwa mambo yanayoonekana: anafika kazini, anafika kwa wakati, anatimiza kiwango cha uzalishaji, anaelewana na wenzake na msimamizi wa zamu. Historia yake haiingii katika vipimo hivyo, iwe nzuri au mbaya. Akichelewa mara kwa mara au asipofika bila taarifa, hupoteza nafasi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na wapo wasiovuka wiki za mwanzo. Kwa kuwa orodha ipo, nafasi hiyo humwendea anayefuata.

Hapa pana tofauti ya msingi na msaada wa kawaida. Anayepewa msaada hupimwa kabla: je, ni maskini wa kweli, ni mwaminifu, ametubu? Greyston imeihamisha tathmini yote kutoka kabla ya mlango kwenda baada ya mlango. Mwajiri wa kawaida hutumia muda na fedha kubashiri mtu atakuwaje kazini. Greyston inamwangalia akiwa kazini. Kwa kazi ambayo kosa la siku ya kwanza haliwezi kuua mtu, na ambayo mafunzo yake ni mafupi, sioni kwa nini njia ya pili ionekane ya hatari zaidi kuliko ya kwanza. Usaili wa dakika 20 hauonyeshi kama mtu ataamka saa kumi alfajiri siku ya mvua.

Upande wa pili wa utaratibu ni usaidizi. Kinachomwondoa mfanyakazi mpya kazini mara nyingi hakitoki kazini: mtoto hana wa kumlea, chumba kimefungwa na mwenye nyumba, basi la alfajiri halipo, mahakama imemwita siku ya zamu. Kwa sababu hiyo Glassman na wenzake walijenga pembeni ya bekari taasisi isiyo ya faida, Greyston Foundation, ambayo ndiyo mmiliki wa bekari na ndiyo inayopokea faida yake. Kupitia taasisi hiyo zilijengwa nyumba za gharama nafuu kwa familia zilizokuwa hazina makazi, kituo cha kulelea watoto, na huduma kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kauli mbiu yao inajulikana sana: hatuajiri watu ili tuoke brauni, tunaoka brauni ili tuajiri watu. Kauli hiyo inavutia, ingawa inahitaji kusomwa kwa tahadhari. Brauni isiponunuliwa, hakuna wa kuajiriwa, na uongozi wa bekari umelijua hilo muda wote kwa sababu mnunuzi wake mkuu hupima ubora wa keki bila kujali imeokwa na nani.

Gharama imehamishwa, haikufutika

Yeyote anayetaka kuiga lazima aangalie hesabu. Nchini Marekani, kwa mujibu wa chama cha wataalamu wa rasilimali watu cha nchi hiyo, wastani wa gharama ya kumpata mfanyakazi mmoja mwaka 2016 ulizidi dola 4,000, ukijumlisha matangazo, uchujaji, uchunguzi wa rekodi na muda wa wanaofanya usaili. Greyston haitumii fedha kwa sehemu kubwa ya hayo. Badala yake inazitumia kwa wasimamizi wenye uvumilivu zaidi, mafunzo ya mwanzo, na watu wa kumsaidia mfanyakazi mambo yake ya nje yanapoharibika. Pia inalipa gharama ambayo haiandikwi kirahisi vitabuni: wanagenzi wanaoondoka mapema wamekwisha kulipwa na kufundishwa, na zamu iliyokosa mtu mmoja hulemea waliobaki.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba ajira ya wazi ni ya bure, kama baadhi ya wahamasishaji wanavyopenda kudai. Ni sahihi zaidi kusema kwamba fedha ileile imebadilishiwa mahali pa kutumika. Nani ananufaika na mabadiliko hayo? Waliovuka kipindi cha uanagenzi ni watu ambao soko la ajira la Yonkers lilikwisha kuwakataa, na mtu wa namna hiyo ana sababu ndogo ya kumkimbia mwajiri wa kwanza aliyempokea. Mwajiri anapata mfanyakazi anayedumu, na mfanyakazi anapata kitu ambacho madawati hayawezi kumpa, yaani rekodi ya kazi atakayoionyesha popote aendako baadaye.

Swali la kama wakurugenzi wa kampuni wanaruhusiwa kisheria kutazama zaidi ya faida lilijibiwa miaka mingi baadaye. Jimbo la New York lilipopitisha sheria ya kampuni zenye lengo la manufaa ya jamii, Greyston ilikuwa ya kwanza kusajiliwa chini yake, Februari 2012. Sheria hiyo inawaruhusu wakurugenzi kuzingatia maslahi ya wafanyakazi, jamii na mazingira pamoja na ya wenye hisa, bila hofu ya kushtakiwa kwamba wameitupa faida. Kwa bekari inayomilikiwa na taasisi yake yenyewe, hatari hiyo ilikuwa ndogo tangu mwanzo, hivyo usajili huo naona ulikuwa na uzito zaidi wa kutangaza kuliko wa kulinda. Kwa duka la mtu mmoja au la mume na mke hauna uzito wowote, kwa kuwa hakuna mwenye hisa wa kumshtaki.

Udhaifu wa kisa chenyewe uko kwingine, nao ni utegemezi. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa mno ya mauzo ya Greyston imetoka kwa mnunuzi mmoja. Ben & Jerry's iliponunuliwa na Unilever mwaka 2000, hatima ya wafanyakazi wa bekari ilining'inia kwenye uamuzi wa kampuni kubwa ya ng'ambo ambayo haikuwa na sababu ya kibinafsi ya kuwakumbuka. Mkataba uliendelea, na baadaye bekari ikaongeza wateja na kuuza brauni kwa jina lake yenyewe. Hata hivyo, msomaji asidanganyike kwamba kisa hiki ni cha biashara ndogo iliyosimama peke yake. Kilisimama kwa sababu biashara nyingine, iliyokuwa changa pia wakati ule, iliamua kwamba kununua kwa Greyston ndiyo namna yake ya kutimiza wajibu. Uamuzi wa manunuzi upande mmoja ndio uliobeba uamuzi wa ajira upande wa pili. Kwa mwenye hoteli au mgahawa asiye na nafasi ya kuajiri mtu mpya, jambo hili lina maana kubwa kuliko daftari la mapokezi, maana kila wiki ananunua mayai, mboga na sabuni kwa mtu fulani, na anaweza kumchagua mtu huyo.

Waliojaribu mahali pengine

Mwaka 2018 Greyston ilianzisha kituo cha kuwafundisha waajiri wengine utaratibu wake. Mmoja wa waliojifunza ni kampuni ya vipodozi ya The Body Shop, ambayo mwaka 2019 iliujaribu katika ghala lake la usambazaji huko North Carolina, hasa kwa vibarua wa msimu wa sikukuu. Waombaji waliulizwa maswali matatu tu: je, unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, unaweza kusimama kwa muda unaofikia saa nane mfululizo, na unaweza kuinua zaidi ya ratili 50? Kampuni ilitangaza kwamba idadi ya walioacha kazi kwa mwezi ilishuka kwa asilimia 60 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, ikaueneza mpango huo madukani. Machi 2024 tawi la Marekani la kampuni hiyo lilifungwa kwa matatizo ya kifedha yaliyoanzia kwa wamiliki wake Uingereza. Nayataja yote mawili kwa sababu mafanikio ya ghalani ni ya kweli, na vilevile hayakuweza kuiokoa kampuni. Namna ya kuajiri hutatua tatizo la kuajiri.

Karibu nasi kuna mfano unaofanana kwa sehemu. Mwaka 1975, huko Karen jijini Nairobi, Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo katika banda dogo akiwa na wanawake wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao. Alipoona wenye hali kama hiyo ni wengi, akaendelea kuwaajiri, na biashara hiyo, iitwayo Kazuri, ikakua hadi kuwa karakana yenye mamia ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, pamoja na zahanati ya wafanyakazi na familia zao. Tofauti ni kwamba Kazuri ilichagua kundi la watu, wakati Greyston ilikataa kuchagua. Kufanana kwao ni kwamba kote wajibu uliwekwa katika swali la nani anakaa kwenye benchi la kazi, na bidhaa ilikuwa ya aina inayofundishika hapohapo. Shanga hufinyangwa kwa mkono. Mjifunzaji huanza na umbo rahisi.

Nani anaweza kuiga, na kwa kiasi gani

Katika miji yetu kichujio cha ajira hakifanani na cha Yonkers, lakini kipo. Kenya, kijana anayetafuta kazi ya ulinzi, ya udereva au hata ya kupanga bidhaa dukani hudaiwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema, ambacho hukigharimia mwenyewe kwa zaidi ya shilingi elfu moja kabla hajapata mshahara wa kwanza. Tanzania, mwombaji wa kazi ndogo huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, na mara nyingi mdhamini wa maana ni yule anayefahamika na mwenye duka. Matokeo yake ni kwamba kazi huzunguka ndani ya ukoo, kanisa, msikiti au kabila moja. Simlaumu mwenye biashara. Anachoogopa ni wizi, na mdhamini ndiye bima yake pekee. Lakini aliyehamia mjini bila ndugu, aliyetoka gerezani, na binti aliyelelewa kituoni hawatapata mdhamini kamwe.

Mwenye bekari ya watu wanane hawezi kuibeba Greyston yote, wala hana haja. Anaweza kutenga nafasi moja, iliyo mbali na droo ya fedha na funguo za stoo, kwa mfano ya kupanga mikate kwenye trei au kufunga mifuko, na kuijaza kwa orodha badala ya udhamini. Kiwango cha kazi kiandikwe kwa maneno machache yanayoeleweka na kibandikwe ukutani, kwa sababu bila kipimo cha wazi chuki ya msimamizi itachukua nafasi ya uchujaji ulioondolewa. Usaidizi wa nje asijaribu kuutoa mwenyewe; kituo cha malezi, kikundi cha kina mama au shirika linalowapokea waliotoka gerezani wanaijua kazi hiyo kuliko yeye, na mazungumzo na mmoja wao kabla ya kuanza yana thamani kuliko mchango wa fedha atakaoutoa mwishoni mwa mwaka. Wafanyakazi wa zamani pia waambiwe mapema. Wao ndio watakaofanya kazi bega kwa bega na mgeni, na wao ndio watakaombebea zamu asipofika.

Muda wa majaribio nao hauwezi kunakiliwa kama ulivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaweka ukomo wa miezi sita, unaoweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine ikiwa mfanyakazi ameridhia, kwa hiyo uanagenzi wa miezi kumi unahitaji makubaliano hayo kwa maandishi katikati ya safari. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwacha mfanyakazi aliye chini ya miezi sita nje ya kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, jambo linalompa mwajiri nafasi ya kujaribu bila woga mkubwa, lakini pia linamwachia mlango wa kumtoa mtu mwezi wa tano na kuita jina jingine, tena na tena, ili asipate kamwe mfanyakazi wa kudumu. Orodha ya mapokezi ikitumika hivyo itakuwa mtambo wa kupata vibarua wa bei nafuu, na dawa yake ni mwajiri kuandika tangu siku ya kwanza kwamba anayefikia kiwango kilichobandikwa ukutani atathibitishwa, kwa tarehe iliyotajwa, na kwamba kuanzia siku hiyo ya kwanza mshahara wake hautashuka chini ya kima cha chini cha sekta yake.